Seva ya Isevya

Walitangaza kwa mistari mitatu:
shukrani, samahani, tarehe.
Kampuni ilikuwa mbali, hata bahari yake hatuijui,
na mchezo wenyewe jina lake la kigeni lilitushinda,
tukauita Minara,
kwa ile minara saba tuliyoipanda usiku
kwa hela ya kuungaunga
katika kibanda cha Mama Kalunde, nyuma ya stesheni.

Saa tisa usiku.
Treni ya Kigoma ilikuwa bado imesimama, inakatwa,
mabehewa haya ya Mpanda, haya ya Mwanza,
nasi ndani, wanne kwa kompyuta mbili,
tumejipanga mbele ya lango la Mnara wa Nne
pamoja na watu mia tatu tusiozijua sura zao.
Hakuna aliyepigana.
Mmoja akautupa chini upanga wa dhahabu, miezi minane ya jasho.
Mwingine akatupa samaki.
Mgebuka wa Kigoma akaandika: Jamani, nani kazima jiko?
Kisha: Mi nabaki hapahapa, mtanikuta.
Kioo kikawa cheusi, kikatuonyesha nyuso zetu.

Shija akaenda Urambo kwenye tumbaku.
Mimi naandika risiti za asali.
Kibanda kikawa saluni; pale nilipokuwa nakaa
pana draya, na kichwa cha mtu ndani yake.
Ukisema umefiwa na mchezo, watu watacheka.
Nilicheka nao.

Mihayo fundi simu hakucheka.
Alikuwa amehifadhi, wala hajui kwa nini,
kila neno kompyuta ya tatu ilichoambiwa kutoka ng'ambo,
faili juu ya faili,
kama mtu atunzaye barua za mchumba aliyekwisha kuolewa.
Miaka mitatu alisikiliza upande mmoja wa mazungumzo
akiukisia wa pili.
Vipande vikaanza kuja. Sumbawanga kulikuwa na ramani.
Dada mmoja wa Bujumbura alikuwa na muziki wa Mnara wa Pili,
wa Pili tu, ameurekodi kwa simu,
na katikati ya zumari mtoto wake anakohoa.
Ganda la muwa la jana,
na sisi ndio chungu, chungu wenye madeni ya bando.

Shangazi Nyamizi, mwenye mizinga arobaini Sikonge,
aliniuliza: Hao nyuki wenu walihama au walifukuzwa?
Walifukuzwa.
Basi pakeni nta, tundikeni.
Na msikae chini mnautazama mzinga.

Seva iko Isevya, chumba cha uani,
juu ya kreti la soda,
feni ya mezani inaipepea kama mgonjwa.
Umeme ukikatika, dunia nzima inakatika,
minara, mito, mbuzi wa kijani, wote,
hadi TANESCO waturudishie uhai wetu.
Usiku wa kwanza tulikuwa sita.
Bahari imeganda. Muuza mikate anatoa bure
na bado anashukuru.
Mnara wa Sita hauna ngazi:
hakuna aliyezikumbuka, sote tulizipanda tukikimbia.
Kwenye Mnara wa Pili, mtoto anakohoa.
Mihayo alitaka kukifuta kikohozi. Tulikataa.

Kila Alhamisi naenda lango la Nne.
Nimeanza upya, nina fimbo na viatu vya majani.
Mgebuka hayupo.
Namba yake haipatikani, jina lake halisi sikuwahi kuuliza;
tulijuana miaka mitano
kwa jinsi alivyochelewa kuruka.

Alhamisi iliyopita alisimama mtu pale pale.
Moyo ukanipasuka.
Dagaa wa Ujiji, jina lake.
Akaandika: We, mbona huu mlango haufunguki?
Umri wake miaka tisa, kumi labda;
tulipozimiwa alikuwa hajui kusoma.

Nikaanza kuandika, vidole vinagongana,
umeme ukakatika.
Mtaa mzima wa Isevya ukaguna mara moja.
Nikabaki gizani, feni ikizunguka kwa mazoea,
namalizia kwa sauti, peke yangu:
usiusukume. Uugonge mara mbili,
usubiri kidogo,
halafu rudi nyuma hatua moja.